Kitabu Kilichoishia Njiani

Mimi ninafundisha hesabu katika sekondari ya kata huko Kishapu, na simwamini mtu haraka. Wenzangu husema ni Ukurya wangu. Waache waseme. Mwalimu Scolastika nilimchunguza tangu siku aliposhuka na sanduku lake akitokea Ushirombo, binti wa katekista, anacheka na kila mtu. Mtu anayecheka na kila mtu ana jambo, nikajiambia. Nikasubiri nilione hilo jambo mpaka nikachoka kusubiri.

Alichokuwa nacho ni ujanja mmoja tu. Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea kidato cha pili hadithi kwa sauti, na akifika pale roho za watoto zilipo kooni, alifunga kitabu. "Jumatatu," alisema. Walimbembeleza, wakanuna, hakufungua. Kwetu mtoto asipokuwa na sababu ya kurudi shuleni, Jumatatu yuko machungani, au amedandia lori la Geita kwenda kuponda mawe ya dhahabu. Darasa la Scolastika lilijaa kila Jumatatu, na mimi na milinganyo yangu tukanufaika kwa jasho la mwenzetu.

Muhula ule walikuwa na riwaya ya kijiji kinachofanana na chetu. Ng'ombe wa tajiri mmoja wanakufa ovyo. Bibi kizee mwenye macho mekundu hupita karibu na zizi kila asubuhi. Mganga anapiga ramli, vijana wananoa mapanga, wanaanza safari ya kwenda kwa bibi. Hapo Scolastika akafunga kitabu.

Jumatatu ukaja waraka. Kitabu kimepigwa marufuku mashuleni, kwa ajili ya kurasa chache za mambo ya chumbani ambazo, kwa haki, hata mimi nisingependa binti yangu azisome akiwa na umri ule. Mkuu wetu wa shule, Charles, ni mtu anayeshtuka hata simu yake mwenyewe ikiita. Alikusanya nakala zote kabla ya chai, akazifungia stoo. Scolastika hakubisha. Alianza kitabu kingine.

Ng'ambo ya barabara ya shule anaishi Bibi Mageni, peke yake. Miti imekwisha huku, kwa hiyo anapikia samadi kavu kama wazee wengi wa Kishapu, na moshi wake umemwachia macho mekundu. Watoto wetu walizoea kumchotea maji. Mara nikaona hawapiti tena pale. Wanazunguka kwa nyuma, kwenye mashamba ya pamba, madaftari kichwani. Nilimwonyesha Scolastika. Akamwita mwanafunzi wake Wema, binti wa mfugaji Masalu.

"Mbona hammchotei maji bibi?"

Wema alitazama chini. "Mwalimu, ng'ombe wetu nao wanakufa. Baba ameenda kwa mganga. Mimi nilimhadithia kile kitabu, akasema kumbe hata vitabu vya serikali vinajua."

"Hukumwambia kwamba hatukukimaliza?"

"Nilimwambia kimezuiwa. Akasema wamekizuia kwa sababu kimesema ukweli."

Nilimwona Scolastika akitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Hakuna mtu wa mkoa huu asiyejua ramli ya namna ile huishia wapi. Ni mapanga, mlango uliovunjwa, na asubuhi majirani wote hawakusikia kitu.

Siku hiyohiyo aliwasimulia darasa mwisho wa hadithi kwa mdomo: bibi hana hatia. Wema akaupeleka nyumbani, na kesho yake akarudi na jibu la baba yake. "Baba anauliza bibi amekupa nini. Anasema mwanzo ulikuwa kwenye kitabu, mwisho uko mdomoni mwako. Kitabu kiko wapi?"

Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Akatuuliza nani kamtishia nani, tulete ushahidi. Tulipotoka, vijana wawili nisiowajua walikuwa wamekaa juu ya pikipiki mkabala na kwa Bibi Mageni. Hawanunui kitu, hawamsubiri mtu. Niliwasalimia, wakaitikia wakitazama pembeni. Na mama aliyekuwa akimuuzia Scolastika nyanya, ghafla nyanya zake zikawa zimekwisha, nazo zimejaa beseni.

Scolastika akamwendea mkuu, amwazime nakala moja tu.

"Waraka ni waraka, mwalimu," Charles alisema. "Kikionekana mkononi mwako, wewe huna kazi, na mimi sina kazi."

Ufunguo mwingine wa stoo ninao mimi, kwa sababu maboksi ya chaki yapo mle. Aliponijia kuuomba, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Charles amemtuma anipime. Nilimkazia macho. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Mwalimu Marwa, nilikata hadithi pale mimi mwenyewe," alisema. "Watoto wamekwenda nyumbani na mapanga."

Nikampa ufunguo. Kisha nikamfuata, maana kumwachia mwanamke aingie peke yake kwenye boma la Masalu sikuweza.

Tulimkuta baada ya misa ya Jumapili, amekaa nje na bakora magotini.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma, bila kutukaribisha.

"Mwangaluka, baba Wema. Uliuliza kitabu kiko wapi. Hiki hapa. Sitasoma mimi, asome mwanao."

Masalu alimtazama mwanamke huyu, akanitazama mimi, akatazama barabarani kama kuna mtu nyuma yetu. "Soma, ng'wana wane," akamwambia mwanawe.

Wema alisoma akiwa amesimama. Vijana wanafika kwa bibi. Bwana mifugo anawakuta mlangoni, anawasihi wamwonyeshe kwanza wanakonywesha ng'ombe. Wanampeleka kwenye pipa lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba, limekatwa katikati likafanywa hori.

Hapo Wema aliacha kusoma, akageukia zizi. Kando ya zizi la baba yake lilikuwepo pipa la bluu, limekatwa vilevile, na ndama alikuwa ameingiza mdomo ndani yake. Nyumba nyingi za wakulima wa pamba zina pipa kama hilo. Mimi nimepita pale mara ngapi sijui, sikuwahi kuliona.

"Soma tena hapo," Masalu alisema.

Akasoma tena.

"Kiliandikwa lini?"

"Kabla Wema hajazaliwa," Scolastika alijibu.

Masalu alinyoosha mkono apewe kitabu, autazame ukurasa mwenyewe, ingawa kusoma kwake ni kwa kubabaisha. Kisha akanyanyuka, akamfukuza ndama, akaliangusha pipa kwa mguu. Maji yakatiririka hadi kwenye viatu vyetu. Hakusema pole, hakusema asante. Lakini pikipiki ile sikuiona tena, na Bibi Mageni anapika mpaka leo.

Aliyemshtaki Scolastika kwa wakubwa sijui. Namshuku Charles, namshuku mtendaji, kuna siku namshuku hata mama nyanya. Walikuja watu kutoka wilayani, wakamkalisha ofisini mbele yetu walimu wote. Walimhamisha mwisho wa muhula, na kidato cha pili sasa kina viti vitupu kila Jumatatu.

Siku ile ya ofisini, mmoja wao alikishika kile kitabu kwa ncha za vidole, akamuuliza kama alijua kwamba hakifai kwa wanafunzi.

"Nilijua nusu yake haifai," Scolastika alisema.

Yule bwana akafurahi, akachukua kalamu. "Nusu ipi?"

"Ile tuliyowaachia watoto."