Kofia ya Bati Iliyoshika Sweta

Leo kofia ya bati imefanya kazi iliyowashinda wazee wa familia nzima.

Kwenye teatre yetu hapa Kasongo, Musafiri anacheza askari wa zamani wa Ulaya. Kofia yake, inayofunika uso mpaka shingo, niliitengeneza mimi kwa bati la mafuta.

Jana alikosa pumzi ndani yake.

Basi asubuhi nikatoboa matundu kwenye mudomo na shingo kwa musumari, kutoka ndani kwenda nje, vile tunatoboaga rapu, bati la kukwangulia muhogo, meno yabaki nje. Mazoea, jameni.

Mwisho wa muchezo anamukumbatia adui yake. Adui ni Kitenge, mukubwa wake wa tumbo moja. Hawasemeshani tangu matanga ya baba yao, kwa hiyo kwenye mazoezi kila mara wanagusana mabega tu.

Leo meno ya matundu yakashika sweta ya Kitenge begani. Wakanasa.

Nikatumwa makasi. (Nilitembea polepole.)

Kitenge akainamia yale matundu. "Mudogo wangu, unapumua?"



Halafu ndani ya bati, mudogo akamuita mukubwa wake: "Napumua, yaya."

Sasa musimamizi wa muchezo anataka niyalaze yale meno kabla ya siku yenyewe.

Nyundo iko hapa. Ninyi mungepiga?