Nyuso Zisizo na Picha

Miaka niliyouza mbegu Kitale, wakati nilioupenda zaidi ulikuwa asubuhi, kabla ukungu haujaondoka. Ulishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, ukapita juu ya mashamba ya mahindi, ukaingia mjini polepole mpaka kinu cha unga kilichokuwa ng'ambo ya barabara kikatoweka. Nilisimama nyuma ya kaunta nikitazama ule weupe. Watu walijitokeza humo mmoja mmoja, kwanza kofia, kisha koti, kisha uso. Na kabla uso haujafika mlangoni, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuuchora.

Nilichora kwa kalamu ya wino nyuma ya matangazo ya mbolea yaliyopitwa na wakati. Duka lilikuwa la mama mmoja mjane ambaye wafanyakazi wote tulimwita Mama. Alinifundisha kutofautisha mbegu za milimani na za nyanda za chini, na kumsikiliza mkulima akieleza ugonjwa wa ng'ombe wake mpaka mwisho bila kumkatiza. Kuhusu michoro alikuwa na sheria moja tu.

"Mteja akiingia, kalamu chini."

Sikusomea kuchora. Nilisomea kilimo, kwa sababu baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi karibu na Chwele, aliamini kwamba kuchora ni mchezo wa likizo. Mimi pia niliamini hivyo. Sikuwa na ndoto kubwa. Nilipenda tu jinsi uso wa mtu unavyotulia anapodhani hatazamwi.

Alasiri moja mvua kubwa ilimfungia mzee mmoja dukani. Aliketi juu ya magunia, akasinzia, kofia ikamteremkia puani. Nilimchora. Alipoamka mvua ilikuwa imepungua, na karatasi ilikuwa bado mbele yangu. Aliichukua akaisogeza mbali na macho yake, kisha karibu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

Alijitazama kwa muda mrefu. "Kumbe usingizi wangu uko na heshima," akasema. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya koti, akatoka na kuisahau dawa aliyoijia. Ilibidi nimkimbilie kwenye matope.

Baada ya hapo Mama alibandika mchoro mmoja ukutani, kando ya bango la chanjo ya kuku. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha mboga, ambaye sikumjua na sijamwona tena.

Mchoro huo ndio uliomsimamisha mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kamukuywa. Alikuwa amekuja kutafuta dawa ya vifaranga. Nilipomletea, hakunyoosha mkono.

"Dada, ni wewe umechora hii?"

"Ni mimi."

"Unaweza kuchora mtu hayuko?"

"Hayuko hapa Kitale?"

"Hayuko kabisa."

Alikuwa akimzungumzia mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Hawakuwa na picha hata moja. Ile pekee iliyokuwepo ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilichukuliwa wakati wa kutafuta kibali cha mazishi, kikaenda na serikali. Alitoa simu yake, akanionyesha picha za watoto wake, za harusi, za ng'ombe, hata za chakula. Alizipitisha kwa kidole gumba bila kukoma.

"Angalia vile ziko nyingi," akasema. "Na yeye hayumo. Siku hizi nikifunga macho namwona, lakini uso uko kama umewekwa nyuma ya pazia. Naogopa pazia itakuwa nzito."

Nilitaka kumwambia kwamba haiwezekani. Badala yake nikajisikia nikimuuliza kama Jumapili atakuwa nyumbani.

Nilifika Kamukuywa baada ya ibada. Nyumba yao ilikuwa imezungukwa na migomba, na jua lilipenya kwenye majani likawa la kijani uwanjani. Walikuwa wamenisubiri. Kaka yao mkubwa, mfyatuaji matofali, alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo ambayo nadhani haikutoka kamwe. Mama yao mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu, alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Kitinda mimba, dada aliyekuwa tayari na mtoto mgongoni, aliketi pembeni kwenye mkeka.

"Mimi sina kitu ya kusema," kitinda mimba aliniambia mapema, kana kwamba anaomba radhi. "Aliniacha kama huyu hivi." Akamgusa mtoto aliyembeba. "Nyinyi ongeeni. Mimi nataka tu kumuona."

Tulianza na pua. Mama mdogo alisema ilikuwa nyembamba. Mama wa vitunguu akasema hapana, ilikuwa pana kidogo huku chini. Macho yalikuwa makubwa, kisha yakawa madogo. Nilichora kwa penseli nikafuta, nikachora tena, vumbi la raba likajaa mapajani mwangu. Kaka alikuwa akitikisa kichwa tu. Jua lilipoelekea magharibi nikawageuzia karatasi.

Kuku alipita katikati yetu.

"Ni mzuri," akasema mama wa vitunguu hatimaye, kwa sauti ya mgeni anayesifu chakula kisicho na chumvi.

Kitinda mimba alikuwa ameinuka magotini. Aliutazama mchoro, akawatazama wenzake.

"Ni yeye?" akauliza.

Kaka akatazama chini, akaanza kubandua udongo mikononi.

Wiki iliyofuata nilipima mbegu za maharagwe na akili yangu haikuwa dukani. Nilikuwa nikiona uwanja ule wa kijani na macho ya yule binti yakihama kutoka uso hadi uso. Nilichora wanawake wengi wiki hiyo, wote wakiwa wageni. Mama aliniona nikichana karatasi.

"Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Alikuwa akifunga gunia, na hakuacha kufunga.

"Mume wangu ukiniuliza pua yake ilikuwaje, siwezi kukwambia," akasema. "Lakini ninaweza kukuonyesha vile alikuwa akivua viatu."

Akasimama, akaegemea kaunta kwa mkono mmoja, akakanyaga kisigino cha kiatu kimoja kwa ncha ya kingine, huku akitazama mbali kwa uso wa mtu aliyechoka lakini aliyeridhika. Kwa kitambo kidogo palikuwa na mwanamume pale dukani. Kisha Mama akacheka, akarudi kuwa Mama, akaniambia niende nikapokee mteja.

Jumapili ya pili niliwaambia hivi: "Leo msiniambie sura yake. Niambieni, mlipokuwa mkirudi kutoka shule, yeye alikuwa akifanya nini."

Walitazamana. Mama wa vitunguu alianza kusema kuhusu jikoni, kuhusu moshi, na kaka akainuka. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni. Aliweka mkono wa kushoto juu ya fremu, akauinamisha mwili kidogo upande mmoja, na mkono wa kulia akaunyanyua kukinga jua, akitazama barabarani. Midomo yake aliikaza. Alikuwa akizuia kucheka, kama mzazi anayetaka kumgombeza mtoto aliyechelewa na anashindwa kwa sababu amefurahi kumwona.

"Woi!" mama wa vitunguu akalia. "Ndiye huyo! Si ndiye huyo, mama mdogo?"

"Usitoke hapo," nikamwambia kaka. "Tafadhali, usitoke."

Sijui alisimama vile kwa muda gani. Ninakumbuka kwamba upepo ulikoma na migomba ikatulia, na hata sauti za barabarani zilionekana kuwa mbali sana, kama zinatoka mji mwingine. Nilichora shavu la kaka nikalilainisha. Mama mdogo alikuja akapiga magoti kando yangu, akawa anaongea polepole. "Paji la uso," alisema, "lilikuwa kama langu, nitazame. Macho, chukua ya huyu muuza vitunguu, lakini hayakuwa na wasiwasi hivi."

"Na masikio?" nikauliza.

Mama mdogo aliinua kidole akamwonyesha kitinda mimba. "Ya huyu. Hayo hayo. Kila mtu alikuwa akisema, wakati alizaliwa."

Kitinda mimba alishika masikio yake kwa mikono miwili. "Haya?"

"Hayo."

"Hamjawahi kuniambia."

"Si tulidhani unajua," kaka akasema kutoka mlangoni, bila kubadilisha mkao.

Nilipomaliza niliiweka karatasi juu ya kigoda, nikaiegemeza ukutani, nikasogea nyuma. Mama mdogo aliinama mbele yake. "Mulembe," akasalimia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka sokoni. Kaka aligeuka akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia akijiosha uso kwa maji mengi. Kitinda mimba alimfungua mtoto mgongoni, akamgeuza aelekee mchoro, akamwambia, "Muone kukhu, nyanya yako." Alikuwa bado ameshika sikio moja.

Nilirudi Kitale na kuku mikononi na viazi vitamu ndani ya mfuko. Njia nzima nilihisi kama nimeamshwa kutoka mahali fulani kabla sijamaliza kulala.

Watu wakaanza kuja. Walitoka Kimilili, Webuye, Kiminini. Walikuja wakiwa na haya, wakanunua kwanza pakiti ya mbegu za sukuma wiki ndipo wakauliza. Mmoja alimtaka baba aliyefia mbali. Mwingine alimtaka dada pacha, akaniambia kwa tabasamu kwamba kazi yangu itakuwa rahisi, nimchore tu yeye, na haikuwa rahisi hata kidogo, kwa sababu kila nilipomchora alisema, "Hapana, huyu ni mimi." Nilienda makwao siku za mapumziko, kisha siku za mapumziko zikawa hazitoshi. Nilikuwa nikichelewa dukani, nikitoa dawa huku nikitazama taya za watu.

Mama ndiye aliyeanzisha mazungumzo. Aliniita nyuma ya duka, tukaketi juu ya magunia.

"Nilikuajiri uuze mbegu," akasema.

"Najua, Mama. Pole."

"Sijakuita uniambie pole. Nimekuita nikuulize unangoja nini."

Nikamwambia ukweli, kwamba ninaogopa. Kazi ya dukani nilijua inaanzia wapi na inaishia wapi. Ile nyingine sikujua hata jina lake.

"Basi nenda uone," akasema. "Ikikataa, kaunta iko hapa. Sitaiuza."

Baba yangu hakuichukua vizuri. Nilimweleza nyumbani, tukiwa tunapukuchua mahindi pamoja, na mikono yake ikasimama.

"Watu waliokufa," akasema. "Umeacha kazi uende kuchora watu waliokufa."

"Wanaoniita wako hai, Baba."

"Na wakikuuliza kazi yako ni gani?"

"Nitasema ninachora."

Akaendelea kupukuchua, kwa nguvu zaidi. Hatukuligusa jambo hilo tena kwa muda mrefu.

Nilipanga chumba Bungoma, juu ya duka la vitambaa, chenye dirisha linalotazama upande wa asubuhi. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kimya. Kulikuwa na siku nilizoketi na penseli zilizochongwa na hakuna hatua iliyosikika kwenye ngazi, nikawa nasikiliza mkasi wa jirani chini ukikata vitambaa, nikijiuliza kama niliota. Siku moja hata nilishika simu nimpigie Mama. Sikumpigia. Nilichora mwanga ulivyokuwa ukitembea ukutani mpaka ukafika kwenye kona na kuzima.

Kisha wakaja, wakaongezeka. Nimejifunza kutouliza kuhusu pua. Nauliza alikuwa akikaa wapi wakati wa kula, akikasirika alifanya nini na mikono, aliitaje paka. Mara nyingi mchoro unakuja mwishoni, wakati chai imepoa na watu wamesahau kwamba nimekuja kwa kazi. Kuna mara hauji kabisa. Mwanamume mmoja nilimwendea mara nyingi kwa ajili ya mkewe, na mwisho akaniambia niache, kwamba afadhali abaki naye vile alivyo kichwani. Niliheshimu. Nilikusanya vitu vyangu, akanisindikiza mpaka barabarani.

Baba alikuja Bungoma kliniki ya macho mwaka jana, akapita kwangu kupumzika. Niliomba radhi kwa sababu kulikuwa na familia chumbani, ndugu watatu waliokuwa wakimtafuta nyanya yao. Baba aliketi kwenye kiti cha kona, dawa ya kliniki ikiwa bado inamfanya aone ukungu. Wale ndugu walibishana, wakaigiza, wakacheka mpaka mmoja akalia. Baba hakuona mchoro sawasawa. Alisikia tu. Walipoondoka alinigeukia.

"Kumbe ni kazi ya kuketi na watu," akasema.

"Sehemu kubwa, ndiyo."

"Nilidhani ni ya karatasi." Akafuta macho yake yenye dawa. "Hiyo naielewa."

Wiki iliyopita nilikuwa Matulo, kwa mzee anayemtaka mkewe, si kama alivyokuwa uzeeni bali kama siku alipomwona mara ya kwanza. Tulikaa nje, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye turubai mbele yetu. Alikuwa na shida ya kuanza. Nilimuuliza mke wake alikuwa akifanya nini siku hiyo.

"Alikuwa akipepeta wimbi," akasema, "na alikuwa akiimba kitu."

"Kitu gani?"

Hakukumbuka maneno. Alijaribu sauti, akakosea, akarudi mwanzo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na kichwa kilianza kuyumba taratibu, huku na huku, kama cha mtu mwenye ungo mikononi. Nikaichukua penseli, nikamwacha aimbe.