Posa ya Chuo, Mwezi wa Nne

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, na sijawahi kuona haya kulisema. Nilipofika Louisville, Marekani, nilipakia maboksi ghalani, nikajifunza kuendesha lori, nikanunua lori, nikanunua la pili. Leo ukisimama kwenye barabara inayotoka Louisville kwenda Columbus na kuendelea mpaka Buffalo, ukaona tela jeupe lenye mstari wa kijani, hilo ni langu, na anayeliendesha ni mimi au ni mtu ninayemlipa mshahara. Nasema hivi mapema ili mtu asije akafikiri binti yangu alipata chuo kwa bahati.

Binti huyo ni kifungua mimba wangu, na alama zake zilikuwa za kutia watu wivu. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, majani yalipoanza kudondoka, alikuja mezani na kompyuta yake akaanza kunitajia vyuo alivyotaka kuomba. Akataja, akataja, mpaka nikamkatiza.

"Vyote hivyo vya nini?"

"Kila mtu anaomba vingi, Baba. Kimoja kikubwa, na vingine vya uhakika, ili usikose pote." Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyonijibu wanangu wote. Mimi narudisha kwa Kiswahili na tunaelewana.

"Sisi hatupeleki posa nyumba mbili," nikamwambia.

Kwetu sisi Warundi tuliokulia kambini, jambo hilo halikuwa la mchezo. Ukitaka kuoa, familia yako inachagua nyumba moja, inatafuta mshenga wa kuisemea, inabeba vinywaji, inakwenda. Ikijulikana kwamba umetuma watu nyumba mbili kwa wakati mmoja, zote mbili zinakufungia mlango, na kambi nzima inakucheka kwenye foleni ya maji. Mimi niliona chuo ni vilevile. Ukiomba kila mahali, nani atakuamini? Basi akaomba kimoja, kile kikubwa ambacho hata majirani zetu Wamarekani hapa mtaani kwetu Beechmont wakikitaja wanashusha sauti. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikatangaza, na makofi yakapigwa.

Mwisho wa mwezi wa tatu wakamkubali. Hilo nataka lieleweke vizuri: walimkubali. Ila ufadhili hawakumpa, na ada yenyewe, mke wangu alipoisoma, alivua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Nitauza lori," nikasema.

"Uza. Na mwaka wa pili utauza nini, mimi?"

Binti hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu kwamba basi ataanza kazi ghalani na mama yake, zamu ya jioni, na mambo ya chuo atayaona baadaye. Mimi ghala nalijua. Nimewaona vijana walioingia mle kwa mwaka mmoja tu, wapate kujipanga, na leo ndio wanaowaonyesha wageni choo kiko wapi. Binti yangu hakuwa mtu wa kujipanga mle.

Kesho yake nikaenda shuleni kwao kumwona mwalimu mshauri, mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya taratibu. Akanieleza kwamba vyuo vingi vimeshafunga, lakini viko vingine, vya kawaida na vizuri tu, ambavyo bado vinapokea mpaka viti vijae. Na katika hivyo, viko vinavyotoa ufadhili kwa alama peke yake, bila kuchungulia mfuko wa baba. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kwa nini mtoto mwenye alama kama zile aliomba chuo kimoja. Nikamweleza habari za posa kwa Kiingereza changu cha barabarani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini vyuo havioneani wivu."

Nikiwa njiani kurudi ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Lori likishashusha mzigo Buffalo, mwenyewe hataki lirudi Louisville tupu, maana mafuta litakunywa yaleyale. Saa ya mwisho unabeba mzigo kwa bei ambayo asubuhi ungeitukana. Sasa chuo chenye viti vitupu mwezi wa nne ni nini kama si lori linalotaka kurudi tupu? Wao ndio wenye shida ya mtoto mwenye alama. Hakuna aliyenifundisha hilo, nililipata mwenyewe kwenye taa nyekundu.

"Tafuta vilivyo wazi," nikamwambia binti, "na viwe kwenye njia yangu, penye ndugu." Columbus yuko mdogo wangu wa kiume. Cheektowaga, pale pembeni ya Buffalo, yuko dada yangu.

Akapata kimoja Columbus na kimoja Buffalo. Akaniangalia kwa jicho la mama yake. "Nyumba mbili, Baba?"

"Hii si posa tena. Hii ni kutafuta mzigo wa dakika ya mwisho."

"Kwa hiyo mimi ni mzigo."

"Mzigo wa thamani. Tuma."

Akatuma kwa kompyuta kabla chai yangu haijapoa. Lakini mimi sina imani na kitu kinachotumwa bila uso. Kazi yangu ya kwanza Marekani niliipata kwa kusimama getini mpaka msimamizi akachoka kuniona. Likizo ya masika ya binti ilipofika, nikavaa suti yangu ya harusi, tukaondoka na gari dogo.

Columbus tulimkuta mdogo wangu amefunga tai, kreti ya soda iko miguuni. Baba hajisemei mwenyewe mbele ya wenye nyumba, lazima awe na mshenga, na mdogo wangu ndiye mshenga anayezungumza mpaka pilau inapoa.

"Kaka, leo sisi ndio upande wa mvulana," akasema akiingia garini.

"Na huko tunakokwenda unakujua?"

"Ukweni ni ukweni. Huku wameongeza maegesho tu."

"Naomba soda zibaki garini," binti akasema kutoka kiti cha nyuma.

Hazikubaki. Tuliingia nazo ofisi ya udahili, tukaziweka mbele ya afisa, dada mmoja kijana ambaye alitazama kreti, akatutazama sisi, akatuvutia viti. Mdogo wangu hakukaa. Akashika ukosi wa koti, akaanza kwa Kiswahili: tumetoka mbali, tumepita nyumba nyingi zenye taa na hatukusimama. Akamtaja babu yetu. Akataja ng'ombe tulioacha Burundi, rangi zao na pembe zao, ng'ombe ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwaona. Alipomaliza akamgeukia binti atafsiri.

Binti akasema sentensi moja.

"Ndiyo hiyo tu?" mdogo wangu akauliza.

"Nimefupisha, baba mdogo."

"Ng'ombe umewataja?"

"Ng'ombe sijawataja."

Afisa akamuuliza binti kwa nini anataka kusoma pale. "Kwa sababu bado mko wazi," akajibu, "na mnatoa ufadhili kwa alama, na alama ninazo." Kiingereza hicho nilikielewa chote, jasho likanitoka. Mtu hamwambii mwenye nyumba kwamba amemjia kwa kuwa milango mingine imefungwa. Lakini yule dada alicheka, akafungua soda akanywa, akasema alama zinatosha, ila fungu la ufadhili linakaribia kwisha, kwa hiyo shule izitume wiki hiyohiyo.

Kesho yake Buffalo, theluji inaanguka kama vile hakuna aliyeiambia ni mwezi wa nne. Dada yangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee, aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge kipya juu ya makoti mawili. Ushenga wa siku hiyo ulikuwa wake. Tukaegesha mbele ya chuo. Binti hakushuka.

"Baba. Shangazi. Hapa naomba niingie peke yangu."

"Peke yako kama yatima?" dada yangu akasema.

"Kama mwanafunzi, Shangazi."

Sikupenda. Lakini nikamtazama kwenye kioo. Tangu yuko mdogo, benki amenisemea yeye, hospitali amemsemea mama yake. Leo alikuwa anaomba zamu yake mwenyewe. Na mimi nilijisemea mwenyewe getini, sikuwa na mshenga.

"Nenda," nikamwambia. "Lakini chukua soda moja."

Akaichukua. Sisi tukabaki tunakula maandazi, vioo vimejaa ukungu.

"Ukimzoesha kujisemea," dada yangu akasema, "siku ya posa yake naye atatuacha garini."

"Basi tutakuwa tumeshazoea. Lete andazi."

Alipotoka hakuwa peke yake. Mzee wa ofisi ile alikuwa amemsindikiza mpaka kwenye gari, bila kofia, theluji inamwangukia kichwani, soda yetu iko mkononi. Akatusalimia mmoja mmoja. Dada yangu akanibana mkono. Kwetu, mwenye nyumba asiyekutaka haji mpaka kwenye gari.

Kabla mwezi haujaisha vyuo vyote viwili vilimkubali. Columbus walitoa ufadhili mzuri. Buffalo walifuta ada yote, na chakula na kitanda viko kwa shangazi yake. Akachagua Buffalo, anasomea uuguzi, na malori yangu yote mawili yako barabarani.

Kanisani nikasimama tena, kichwa juu. Mzee mmoja wa Kikongo akaniuliza kutoka benchi lake, "Papa, si ulitwambia ile ya kubwa?"

"Ile ilitaka mahari ya wafalme," nikasema. Kanisa likacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuwashinda.

Ikabaki Columbus. Binti alikuwa ameshawajibu kwa kompyuta kwamba hatakwenda, lakini nilipopata mzigo wa kupeleka Buffalo nilisimama pale. Nikavaa koti la suti juu ya shati la kazi, nikampitia mdogo wangu, tukaingia. Yule dada akatutambua kabla hatujasema.

"Binti yenu ameshatujulisha," akasema.

"Najua. Lakini ulikunywa soda yetu. Lazima tuje tukuambie wenyewe."

Akasema hakuna mtu aliyewahi kuja mpaka ofisini kumwambia hapana. Nikamwambia ninaye kijana wa kiume anayemfuata dada yake, alama hajamfikia, lakini mdomo anao wa baba yake mdogo.

"Mwambie aanze mapema. Mwezi wa kumi."

"Ataanza mwezi wa kumi, na ataomba kila mahali. Ila hapa tutakuja wenyewe."

Mdogo wangu, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza kwa shida, akanishika kiwiko. "Kaka, muulize kama sasa anaweza kusikia habari za ng'ombe."

Nikamuuliza. Yule dada akatazama saa ukutani, akafunga kompyuta yake, akavuta kiti karibu. Siku hiyo nilitafsiri mimi, na sikufupisha.