Niliposhtakiwa kwa Kukaa Peke Yangu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa kike karibu na Magu. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda ziwani peke yangu, nikaketi juu ya mawe na daftari langu la mashairi hadi alasiri. Maneno yakazagaa, mwenyekiti wa kijiji akanisimamisha mkutanoni.

“Mwalimu, wenzako wanakaa pamoja. Wewe unajitenga una nini?”

“Shikamoo, mzee. Siku sita nipo na wenzangu, darasani na kwenye pamba ya kijiji. Jumapili ni yangu na Mungu wangu.”

“Na huko peke yako unapata furaha gani?”

“Ninayoijua mwenyewe. Uhuru ulikuja kwa nchi nzima, mzee, na mimi nimo.”

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Nikaamriwa niache. Sikuomba radhi.

Jumapili iliyofuata nilipita mbele ya nyumba yake mchana kweupe, daftari mkononi. Alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shingo upande, akanitazama nikishuka ziwani. Hakunisimamisha tena mkutanoni.