Fundi Saa na Dawa ya Macho ya Shemeji

Saa tatu asubuhi, Fundi Dakika analifunika jicho la kushoto kwa kiganja na kulikodolea bango la duka la rangi lililo ng'ambo ya barabara. Herufi kubwa anazisoma. Za chini zimejaa ukungu. Anakaa, lakini hata kiti hakijapata joto anasimama tena na kulisoma bango lile lile.

"Jana niliona mpaka namba ya simu," anasema.

Mkewe, anayeuza mikanda ya saa katika kibanda hicho hicho, anaguna. "Jana uliikariri, baba watoto. Usijidanganye."

Jina la Dakika alibandikwa na wateja. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, hujibu "dakika tu", na wiki inakatika. Hata hivyo wateja wanarudi kwake, kwa sababu saa aliyoitengeneza yeye hairudi na ubovu ule ule.

Kazi yote hiyo inapitia jicho la kulia. Ndilo analobania lenzi ya kukuzia, na ndilo lililoanza kuwasha na kuwa jekundu miezi miwili iliyopita. Hakwenda hospitali. Nyumbani kulikuwa na kichupa cha dawa ya matone alichokiacha shemeji yake baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho.

"Shemeji alipona, nikajua na mimi nitapona. Jicho si jicho tu?" anasema.

Wekundu ulitoweka upesi. Fundi akarudi kazini kifua mbele, akawa anajidondoshea kila jicho lilipomsumbua. Kisha mwanga ukaanza kumchoma, machozi yakamtoka ovyo, na magurudumu madogo ndani ya saa yakageuka vivuli.

Daktari wa macho anayemtibu anasema kichupa kile kilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kwa shemeji, chini ya uangalizi, ilifaa. Jicho la fundi lilikuwa na virusi.

"Steroidi haiui virusi," anaeleza daktari huyo. "Inaondoa wekundu, na papo hapo inalegeza kinga ya jicho. Virusi vikapata uwanja, vikachimba kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho."

Amemwachisha dawa ile na kumpa ya kupambana na virusi. Kidonda kinafunga. Kitabaki na kovu, na ukubwa wa kovu hilo ndio utakaoamua kama fundi ataona tena skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Daktari mwenyewe bado hajui.

Kinachomkera fundi ni kwamba kosa lile analijua vizuri mno. Miaka yote amewasema mafundi wanaodondoshea mafuta saa chafu bila kuifungua. Saa hutembea, mteja akashukuru, kumbe ndani vumbi na mafuta vinasaga vyuma taratibu.

"Ndicho nilichojifanyia," anasema, akisimama kwa mara nyingine. "Angekuwa fundi mwingine, ningemsema mbele za watu."

Anazunguka meza, anapanga koleo ambazo tayari zimepangwa. "Naogopa, sitakuficha. Mikono hii haijui kazi nyingine."

Kwenye droo kuna saa ndogo ya mkewe iliyosimama tangu mwaka juzi. Mama huyo hakuwahi kuipeleka kwa fundi mwingine. Fundi Dakika anasema hiyo ndiyo atakayoifungua kwanza, siku daktari atakapomruhusu.

Ghafla anaitoa. Anabana lenzi kwenye jicho la kushoto, lisiloizoea kazi hiyo, anainama. Ncha ya bisibisi inateleza pembeni mwa skrubu. Anajaribu tena, inateleza tena.

Mkewe anamwondolea bisibisi mkononi na kuirudisha saa kwenye droo.

"Sasa mpaka lini?" fundi anafoka.

"Dakika tu," mkewe anamjibu, akichukua kichupa kipya cha matone ya daktari.

Fundi anaketi, anainua uso, na safari hii hanyanyuki.