Siku Niliyofukuzwa Kitandani kwa Mama Mkwe

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu: siku niliyofukuzwa wodini kama mbuzi aliyeingia jikoni. Cheka tu, nakuruhusu. Ukimaliza kucheka, nisikilize.

Nilikuwa kijana, naziba pancha pale Salama, kwenye barabara ya Mombasa, mikono imejaa grisi na mdomo umejaa maneno. Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu mtoto wetu wa kwanza, ndipo tukaitwa kutoka kwao Matinyani: mamake amevimba miguu, kupumua ni shida. Nikaenda mimi, mkwe, nikampeleka hospitali.

Sasa wewe wa siku hizi hujui nthoni. Nthoni ni ile haya tuliyowekeana sisi Wakamba, mkwe na mama wa mke. Mama mkwe akikuona njiani anapita kando, na mambo ya mwili hayatajwi kati yenu hata kwa mzaha. Ni heshima, siidharau. Lakini safari ile ilikaribia kutuzikisha mtu.

Daktari alikuwa mpole, ila Kikamba hakujua, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu. Basi nikajitia mkalimani.

"Muulize, nyumbani anakunywa dawa gani?"

Nikauliza. Mama akageuza uso ukutani, akasema ni ya presha, basi. Daktari akampangia dawa za wodi, nami nikasimama kifua mbele, najiona nimefanya kazi.

Mwanzoni uvimbe ulipungua, tukamshukuru Mungu. Halafu mambo yakageuka. Mama akawa hawezi kuketi bila kushikwa. Kichwa kinazunguka, midomo imekauka, miguu inamkaza mpaka analia. Daktari akapima hiki na kile, akasema huenda moyo unachoka. Nyumbani watu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mke wangu, mtoto kifuani, aliniuliza jambo moja tu: "Mama atamwona huyu?" Niliogopa sana, mwanangu.

Ndipo akaja Mama Kalekye, dada mkubwa wa mama mkwe, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alitoka Kwa Vonza na thamosi ya uji. Alitukuta daktari akirudia lile swali la dawa, nami nikilitafsiri.

"Aii! Na wewe unafanya nini hapa?"

"Natafsiri, mama."

"Unatafsiri! Huyu si mama wa bibi yako? Unataka akuambie wewe habari ya mkojo wake? Toka! Toka nje na Kiswahili chako!"

Wodi nzima iligeuka. Mgonjwa mmoja alicheka mpaka akakohoa. Nilitoka masikio yakiwaka, na huko nje nikanung'unika vya kutosha.

Sista akavuta pazia, Mama Kalekye akaketi kitandani na kuuliza polepole. Kumbe mama alikuwa na tembe nyingine, amezifunga kwenye pindo la leso. Alipewa katika kliniki ya sokoni, za kupunguza maji mwilini, zile zinazokupeleka choo mara kwa mara. Angezitajaje mbele yangu? Na kwa vile hakuna aliyemwambia aache, alizimeza kila asubuhi kama kawaida yake. Zile za wodini zilikuwa dawa hiyo hiyo, rangi tu ndiyo tofauti. Alikuwa anakunywa mara mbili, na mwili ulikuwa umekauka.

Daktari hakumkemea mtu. Alisimamisha zote, akamrudishia maji kidogo kidogo, akasema naye amejifunza. Tangu hapo, akiingia mzee kwenye wodi ile, jamaa walingoja nje kwanza, na dawa za nyumbani ziliwekwa mezani pamoja na za hospitali zikalinganishwa. Siku ya kuruhusiwa, mama alielezwa kwa Kikamba ipi aendelee nayo na ipi aache, naye akayarudia yote kwa mdomo wake mwenyewe.

Alimbeba mjukuu. Msimu ule alipalilia ndengu zake mwenyewe. Akiniona njiani bado alipita kando, lakini safari hii akitabasamu.

Juzi zamu yangu ilifika. Nina presha, na nina yale mambo ya wanaume wazee ambayo sikutajii. Mke wa kijana wangu alinipeleka kliniki. Mlangoni akanikabidhi mfuko wa dawa zangu zote, hata ile chupa ya mitishamba niliyodhani nimeificha, akasema, "Baba, mimi nangoja hapa nje. Waambie yote." Machozi yalinitoka. Nami nikawaambia yote.

Basi, mwanangu, ukimpeleka mzee hospitali, beba kila anachomeza, cha duka na cha msituni. Usimjibie. Uliza ni nani anaweza kuzungumza naye bila haya, umlete huyo, halafu wewe utoke.

Babu yangu angekutemea mate kifuani, ndivyo wazee wa zamani walivyobariki. Usikimbie, mimi nitasema tu kwa mdomo. Mungu akupe miaka mingi mpaka ushikwe mkono kwenda kliniki, na huyo atakayekushika awe na akili ya kungoja nje.