Sauti Chini ya Moshi

Mume wangu alikuwa na sauti ambayo mji mzima uliijua, na mama yake mzazi akaikana.

Ni mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Anakaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi, mbele yake kipaza sauti cha shingo ndefu, feni iliyokufa zamani na kikombe cha chai kisichokauka. Yeye ndiye anayewaambia watu basi gani limeingia, lipi limechelewa, na nani amesahau mtoto kwenye benchi. Wenzake wanamwita Kipaza. Ile sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni, na iliyoitengeneza ni sigara. Alizianza tulipokuwa wachumba, eti aonekane mtu mzima, na tangu hapo hakuzitua. Makondakta wachanga walijaribu kumwiga wakaishia kukohoa.

Basi mama mkwe akaja kukaa kwetu. Miaka yote alikuwa kwa binti yake, dada mkubwa wa mume wangu, mpaka huyo dada naye akaanza kuugua. Alipofika macho yake yalikuwa yameshazimika, na umri ulikuwa umeanza kumchagulia kumbukumbu: za juzi unazichukua, za zamani unamwachia. Mimi nilipomwamkia alinishika kiganja akacheka. "Mke wa mwanangu! Sauti ile ile, na mdomo bila shaka ni ule ule."

Kisha mume wangu akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Mkono wa bibi yule ukarudi mapajani. "Marahaba, baba. Wewe ni nani?"

"Mimi mwanao."

Akacheka kidogo, kwa adabu, jinsi unavyocheka mzaha wa mgeni usioupenda. "Mwanangu naijua sauti yake. Nimemzaa mwenyewe."

Tulidhani ni uchovu wa safari. Haukuwa uchovu. Mume wangu alimweleza habari za utotoni, mama akasema, "Mwanangu amekusimulia vizuri." Akamshikisha kovu la kidevuni alilolipata alipoanguka ngazini akiwa mdogo. Mama akalipapasa, akasema watu wenye makovu duniani ni wengi. Ukweli ni kwamba kichwani mwake mwanawe alibaki kijana aliyeondoka nyumbani kabla ya sigara, na huyu mtu wa sauti ya kinu hakumjua.

Hata hivyo alimpenda, na hilo ndilo lililouma. Kila asubuhi kabla ya kwenda kituoni mume wangu alimnawisha uso, akamkata kucha zikiwa zimekua, akamnywesha chai. Jioni alimlisha supu kijiko kwa kijiko. Na kila mara mama akasema, "Ahsante, baba. Mungu akuweke. Mwanangu akirudi nitamwambia."

Siku moja aliniita karibu, akanong'ona kwa namna yake, yaani majirani wakasikia. "Mkwe wangu, mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu. Lakini yule bwana, analala humu?"

"Analala, mama."

"Chumba gani?"

Ningesema nini?

"Haya," akasema. "Mwanangu akirudi akamkuta, mimi simo."

Nilikimbilia jikoni nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikamsimulia mume wangu, naye akacheka, tena kwa sauti. Halafu akageukia sinki, akawa anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. "Atakufa hanijui," akasema. Sikucheka tena.

Kuacha sigara kulikuja kwa njia nyingine kabisa. Kikohozi kilikuwa kimeshamzoea, na binti yetu akamletea sigara ya umeme, kidude cheusi kama kalamu nono, chenye kijitaa mbele na maji ya ladha ndani. Akasema angalau asingevuta moshi wa kitu kinachoungua. Nilidhani atakitupa, maana mume wangu na ushauri ni sikio la kufa. Akakijaribu. Akakipenda! Nyumba ikaanza kunukia pipi za matunda, na mzee mzima mwenye mvi akawa anapita ukumbini akitoa wingu la stroberi. Nilimwambia ameruka majivu amekanyaga moto. Akaniambia nisubiri.

Nilisubiri, na niliyoyaona sikuyategemea. Kwanza kinywa kilimkauka, akawa anaamka analamba midomo kama mtu aliyelala jangwani. Kisha ulimi ukatoka vidonda. Kisha kwikwi. Kikohozi nacho, badala ya kupungua, kikazidi, anatoa makohozi ya miaka. Kichwa kilimuuma, kizunguzungu kikamshika kwenye ngazi za kibanda, na hapo kosa lilikuwa lake. Sigara ina mwisho, inaungua unaitupa. Kile kidude hakina mwisho. Kila baada ya tangazo alikivuta, basi likiingia avute, likitoka avute, na nikotini ikamlevya kuliko zamani. Nilimkaripia, akanijibu kwa kwikwi.

Lakini katikati ya taabu hiyo kulitokea jambo. Jioni moja alirudi, akaingia chumbani kwa mama na bakuli la supu, akasimama mlangoni kama aliyegonga ukuta. Nilikuwa nyuma yake.

"Nini?" nikauliza.

"Mama ananukia," akasema.

"Nimemwogesha leo leo!"

"Sivyo. Ananukia mama."

Pua yake iliyokufa kwa moshi ilikuwa imefufuka. Aliisikia harufu ya mafuta anayojipaka mama yake, ya kitambaa chake cha kichwani, ya ngozi yake, harufu ambayo alikuwa ameisahau kama ipo. Alisimama pale supu inapoa, machozi yanamtoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtu aliyefungiwa nje ya nusu ya dunia, wala sikujua. Keshoye akafungua kabati la nguo zake, akalifunga upesi, akaniuliza nilimvumiliaje.

Kisha sauti ikatoka ikaenda zake. Si kupungua, ni kwenda kabisa. Alifungua kinywa kutangaza basi la saa nne ikatoka pumzi tupu. Msimamizi wa kituo akampa ubao na chaki, Kipaza akawa anaandika mabasi kama mwalimu wa watoto. Abiria wakakosa mabasi. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya, akamwambia anamvumilia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atatafuta koo jingine.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi alikuwa dada mkali mwenye miwani, tukaelewana papo hapo. Alimchungulia koo, akauliza anavuta mara ngapi, mume wangu akajidai hasikii. "Hiki si dawa," muuguzi akasema, akikishika kile kidude kwa ncha za vidole. "Kinakukausha koo, na nikotini ni ile ile. Kama kimekutoa kwenye sigara, sawa, ni daraja, lakini daraja halijengewi nyumba. Punguza, kisha uache. Kunywa maji, nyamaza."

"Na sauti yake?" nikauliza mimi, maana mwenyewe hana.

Akasema nyuzi za sauti za mvutaji wa miaka mingi huvimba, na uvimbe ndio huleta ule uzito. Moshi ukikoma, kwa wengine uvimbe hupungua. "Itakayorudi siwezi kukuahidi. Huenda isiwe ile mliyoizoea."

Nyumba ilikuwa kimya, mume wangu anaongea kwa mikono, na mama akawa ananiuliza mbona yule bwana siku hizi hamsalimii, yeye amemkosea nini.

Sauti ilianza kurudi vipande vipande. Alinena neno bafuni, nikadhani ni redio ya jirani. Siku iliyofuata aliniita nikiwa natandika kitanda, akaniita jina analoniita yeye tu, nikageuka na shuka mkononi. Alikuwa ni kijana aliyenichumbia. Sauti nyepesi, safi, yenye kucheka ndani yake, imetoka kwenye kinywa cha mtu mwenye mvi na mikunjo. Nilikaa kitandani. Jamani, mwili wa mtu ni kitu cha ajabu! Sauti ile haikuwa imekufa. Ilikaa chini ya moshi muda wote, inasubiri.

Yeye hakufurahi, na kwa mama aliendelea kuingia bila kusema neno, akiogopa kukanwa tena. Alirudi kibandani, na abiria wakauliza Kipaza amestaafu lini, na huyu kijana mpya ni nani, mbona hana uzito. Madereva wakamtania kwamba amemeza filimbi. Msimamizi akasema watu wanataka Kipaza wao. Kwa hiyo asubuhi moja nikamkuta mlango wa nyuma, pakiti mpya ya sigara mkononi, kiberiti tayari.

"Nipishe," akasema. "Kazi yangu iko humu."

"Kazi yako au kaburi lako?"

"Bila ile sauti mimi si mtu pale. Nipishe, mke wangu, nakuomba."

Nilikuwa nimefungua kinywa kumpa maneno ambayo hajawahi kuyasikia, ndipo mama akaita kutoka chumbani. Hakuita "baba". Alimwita mwanawe.

Akaita tena, safari hii kwa hasira ya mama anayeitikiwa kwa kuchelewa. Mume wangu alitupa vyote alivyoshika, hata hakuona vilipoangukia, akaenda. Nikamfuata. Mama alikuwa amekaa wima kitandani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama."

Akanyoosha mikono. Akamshika uso, akalipapasa lile kovu la kidevuni, akaacha kidole juu yake. "Uliangukia ngazi. Nilikwambia usikimbie." Mume wangu aliitikia kwa kichwa ndani ya viganja vya mama yake, kama mtoto. Sijui kueleza nilichokiona, ila nilihisi nimeingia mahali ambapo mtu huvua viatu.

Baada ya kitambo mama akamvuta karibu. "Sikiliza. Kulikuwa na bwana mmoja humu. Usimfikirie vibaya, wala mkeo. Alikuwa ananinawisha na kunilisha, asubuhi na jioni, hajanimwagia hata tone, na si damu yangu. Mwite nimshukuru mbele yako."

Mume wangu akanitazama. Akasafisha koo, akaishusha sauti chini kabisa, akaitafuta ile ya kuburuta kabati. Haikuwepo. Akajaribu tena, ikatoka ile ile ya ujana.

"Ameondoka, mama."

"Bila kuaga?"

"Amekuachia salamu. Amesema alifurahi kukutunza."

Huzuni ikampita mama usoni, huzuni ya kweli. Kisha akagonga godoro kando yake. "Basi kaa wewe. Umechelewa sana, lakini kaa."

Akaketi. Chai ilikuwa pale mezani, imeanza kupoa. Akachota kijiko, akakikinga kwa kiganja cha chini, akakipeleka taratibu mdomoni kwa mama yake. Mama akameza, akatulia, kama anayekumbuka kitu.

"Hata mkono wako," akasema, "ni kama wake."